Manjano au Udongo? Kuchagua Rangi ya Chumba cha Watoto



Mwaka unapoelekea ukingoni, familia nyingi husafisha nyumba na kuzipaka rangi. Wengine hufanya hivyo kwa ajili ya Krismasi, wengine kwa ajili ya ubatizo au Komunyo ya Kwanza ya mtoto, na wengine kwa sababu tu kuta zimechakaa. Ni desturi nzuri. Nyumba safi huleta furaha, na ukuta uliopakwa vizuri hufutika kwa urahisi.

Tuchukue mfano wa familia moja inayotaka kupaka chumba cha watoto. Chumba ni kidogo, kina dirisha moja, na humo wanalala watoto watatu pamoja na bibi yao. Baba ameleta kadi ya rangi kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Wote wamekubaliana kwamba wanataka rangi yenye joto, maana ile bluu ya zamani ilikifanya chumba kionekane cha baridi. Wamechambua kadi nzima, zimebaki rangi mbili.

"Baba watoto, mimi nachagua hii ya manjano," anasema mama. "Ni kama kiini cha yai. Inachangamsha hata siku ya mvua."

"Inachangamsha kweli, mama watoto," anajibu baba, "lakini hii ya udongo inaficha uchafu. Hawa vijana wako wanashika ukuta kwa mikono ya matope kila siku."

Bibi, ambaye alikuwa kimya muda wote, anamtazama mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu. "Ninyi mnabishania macho yenu," anasema. "Huyu wa kwangu hautazami ukuta. Anaulamba. Kwake ipi ni nzuri?"

Swali la bibi ndilo tutakalolijibu katika ukurasa huu. Tutazilinganisha rangi hizi mbili kwanza kwa macho, kisha kwa kile kilichomo ndani ya kopo. Mwisho tutaona familia hii ifanye nini.

1. JICHO LINAONA NINI?

Wachoraji na mafundi huzigawa rangi katika makundi mawili. Nyekundu, chungwa, manjano na zile za udongo huitwa rangi zenye joto, kwa sababu zinatukumbusha moto na jua. Bluu na kijani huitwa rangi za baridi, kwa sababu zinatukumbusha maji na majani. Joto hili ni la macho na moyo tu. Ukuta wa ndani ukipakwa manjano badala ya bluu, kipimajoto hakionyeshi tofauti ya maana. Rangi inayoweza kubadili joto la nyumba ni ile ya bati na ya kuta za nje zinazopigwa na jua, ambako rangi nyeupe hurudisha miali na rangi nyeusi huinywa.

Jambo la maana zaidi ndani ya chumba ni mwanga. Rangi iliyo karibu na nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoingia dirishani. Manjano iliyokolea hurudisha kiasi cha kutosha. Rangi ya udongo iliyokoza kama tofali humeza sehemu kubwa ya mwanga huo na kurudisha kidogo. Chumba chenye dirisha moja kikipakwa rangi ya tofali kuta zote nne, mtoto anayesoma jioni atalazimika kuinama juu ya daftari, na taa itawashwa mapema zaidi. Aidha, mbu hupenda kupumzika mahali penye giza, na pembe za chumba cheusi huwapa maficho ambayo ni vigumu kuyaona wakati wa kufagia.

Kwa hiyo kwa upande wa mwanga, manjano inashinda udongo uliokoza. Lakini udongo una njia ya kujitetea: ukichanganywa na nyeupe nyingi hupata rangi laini ya ngano iliyoiva au ya mchanga, na hapo hurudisha mwanga vizuri bila kupoteza joto lake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi huligundua wamechelewa. Rangi ikiwa kwenye kadi ndogo huonekana ya upole. Ikipakwa kuta nne huonekana kali zaidi, kwa sababu kila ukuta unautupia mwenzake rangi yake. Manjano ya kiini cha yai, ambayo kwenye kadi ilionekana ya kuchangamsha, chumbani huweza kuchosha macho hata ikaonekana kama inapiga kelele. Na taa nayo hubadili mambo. Chini ya taa yenye mwanga wa manjano, au ya mafuta, rangi hizi mbili huzidi kuwa na joto. Chini ya taa nyeupe ya siku hizi, manjano huweza kuelekea kijani kidogo na udongo huonekana mkavu. Kwa sababu hiyo, nunua kwanza kopo dogo kabisa, paka kipande cha upana wa mita moja, kiache kikauke, kisha kitazame asubuhi, saa sita mchana na usiku. Ndipo uamue.

Hadi hapa mashindano ni karibu sare. Mwenye kupenda uchangamfu atachagua manjano, mwenye watoto watundu atachagua udongo. Lakini bibi hakuuliza habari ya macho.

2. KUNA NINI NDANI YA KOPO?

Rangi yoyote ya ukutani ina vitu vitatu vikubwa. Kuna gundi inayoshika ukuta, kuna maji au mafuta ya kuilainisha ili ipakike, na kuna unga laini unaoipa sura yake. Gundi na mafuta tunaweza kuviweka kando kwa sasa. Tuutazame ule unga, maana hapo ndipo manjano na udongo vinapoachana njia.

Unga wa rangi ya udongo kwa kawaida ni kutu. Usishangae, ni kutu ileile inayoshika jembe lililoachwa mvuani, yaani chuma kilichoungana na hewa ya oksijeni. Kutu yenye maji ndani yake huwa ya manjano iliyofifia. Ikichomwa moto maji hutoka, nayo hugeuka nyekundu. Fundi wa tofali analijua jambo hili: udongo unaoingia katika tanuri ukiwa wa kahawia hutoka mwekundu. Wazee waliita udongo huu mwekundu ngeu, na maseremala waliutumia kuchorea mistari juu ya mbao. Wamasai hujipaka udongo mwekundu wa jamii hii. Michoro ya kale ya mapangoni huko Kondoa, mkoani Dodoma, ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, sehemu yake kubwa ni ya rangi nyekundu ya madini ya chuma. Jua, mvua na miaka vimepita, na rangi bado inaonekana. Unga huu haufifii upesi, ni wa bei nafuu, na chembe yake ikimezwa haina sumu.

Unga wa manjano inayong'aa una historia nyingine. Mwaka 1797 mkemia Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin alichunguza jiwe jekundu kutoka Urusi, akagundua ndani yake metali mpya iliyoitwa kromu. Jiwe hilo lilikuwa muungano wa kromu na risasi. Punde watu wakajifunza kutengeneza muungano huo viwandani, wakapata unga wa manjano uliopendwa kuliko yote iliyotangulia. Uling'aa, ulifunika ukuta kwa mkono mmoja au miwili tu, na bei yake ilikuwa nzuri. Katika karne ya 19 na ya 20 ulienea duniani kote: katika michoro ya wasanii, katika mashine, katika mabasi, katika mistari ya barabara, na katika makopo ya rangi ya nyumbani. Ukiongeza au kupunguza viungo vyake unapata manjano ya limau, manjano ya yai, rangi ya chungwa, hata nyekundu.

Risasi tunayoizungumzia hapa ni yale madini mazito ya kijivu yanayotumika katika betri za magari. Ni sumu. Hata katika rangi nyingine za mafuta, risasi iliwahi kutiwa ili rangi ikauke haraka na idumu.

Leo viwanda vina njia nyingine za kupata manjano bila risasi, na viwanda vingi vimezifuata. Njia hizo kwa kawaida ni za gharama zaidi, na rangi yake huhitaji mikono mingi ili kufunika ukuta. Hapo ndipo kishawishi kilipo. Wataalamu walipopima rangi za mafuta zilizonunuliwa madukani katika nchi mbalimbali, za Afrika Mashariki zikiwemo, mara nyingi zilizoongoza kwa risasi zilikuwa za manjano, chungwa na nyekundu kali, huku nyeupe zikiwa na kidogo. Yamekutwa makopo ya manjano yenye risasi zaidi ya sehemu 10,000 katika kila sehemu milioni moja za rangi iliyokauka. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa, ambacho pia kimo katika viwango vya rangi vya Afrika Mashariki, hakizidi sehemu 90. Maana yake ni kwamba katika kilo nzima ya rangi iliyokauka, risasi isizidi miligramu 90, uzito ulio chini ya moja ya kumi ya gramu.

3. RISASI HUMFANYA NINI MTOTO?

Rangi yenye risasi ikiwa mpya na ngumu ukutani haimrukii mtu. Hatari huja inapozeeka. Jua huipasua, unyevu huibambua, mlango na dirisha vinavyosuguana huisaga kuwa unga. Vumbi hilo hukaa sakafuni, kwenye mkeka na kwenye vitu vya kuchezea. Mtoto anayetambaa hulishika kwa viganja, kisha hutia vidole mdomoni. Mwingine hung'ata fremu ya dirisha au ukingo wa kitanda meno yanapoota. Tena maganda ya rangi yenye risasi yana utamu kidogo, kwa hiyo mtoto aliyeonja mara moja huweza kurudia.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo huingiza mwilini risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile kilichomezwa. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au ya kalsiamu huingiza zaidi. Mwili humdhania adui kuwa rafiki: unatafuta chuma na kalsiamu, unakutana na risasi, unaipokea.

Ikishaingia, risasi husafiri katika damu hadi kwenye ubongo, figo na ini, kisha hujificha katika meno na mifupa kwa miaka mingi. Msichana aliyeilimbikiza utotoni anaweza kuitoa siku akiwa mjamzito, mifupa inapoachia madini yake, na risasi humfikia mtoto tumboni.

Ikiwa nyingi sana, huleta maumivu ya tumbo, kutapika, degedege, kupoteza fahamu, hata kifo. Lakini kwa watoto wengi haiji hivyo. Huja kimya. Mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, hatulii, anasahau, anakasirika upesi, ana upungufu wa damu. Wazazi husema ni mtundu, mwalimu husema ni mvivu, na upungufu wa damu hudhaniwa umetokana na malaria au minyoo peke yake. Hakuna anayeutazama ukuta.

Tena hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Zipo dawa za kuiondoa risasi mwilini kwa wale walioathirika sana, lakini akili iliyopotea hairudishwi na dawa. Kinga ndiyo tiba yenyewe.

4. SOMO KUTOKA BRISBANE

Pengine msomaji atauliza: mambo haya yamejulikana tangu lini? Jibu linasikitisha. Katika miaka ya 1890, madaktari wa mji wa Brisbane, huko Australia, walikuwa wakipokea watoto wenye maumivu ya tumbo, viungo vilivyopooza na macho yaliyoharibika. Walitambua kuwa ni sumu ya risasi, lakini hawakujua inatoka wapi. Walishuku maji, walishuku vyombo. Mwaka 1904 daktari wa macho J. Lockhart Gibson aliandika kwamba chanzo ni rangi ya reli za baraza na ya kuta za vyumba. Jua kali la huko liligeuza rangi kuwa unga, na watoto wanaonyonya vidole na kung'ata kucha ndio walioumia zaidi.

Wengi hawakumsadiki. Hata hivyo mwaka 1921, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliofanyika Geneva ulipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi kutumika ndani ya majengo, isipokuwa katika mambo machache. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, miaka 74 baada ya maandishi ya Gibson, na mwaka 2009 ilishusha kiwango hadi zile sehemu 90. Katika muda huo wote watoto waliendelea kulamba kuta. Sisi tunaoishi chini ya jua kama la Brisbane hatuna sababu ya kungoja kiasi hicho.

5. TUPIME MIZANI

Sasa turudi kwenye rangi zetu mbili.

Manjano ya kiini cha yai ina mwanga mzuri na uchangamfu. Udhaifu wake ni kwamba ndiyo rangi ambayo kihistoria imebeba risasi nyingi, hasa ikiwa ya mafuta. Ikiwa ni rangi ya maji kutoka kiwanda kinachoandika kwenye kopo kwamba haina risasi, hatari hiyo inapungua sana. Ubaya mwingine ni kwamba huonyesha kila alama ya mkono, hivyo husuguliwa na kupakwa upya mara kwa mara.

Rangi ya udongo hupata sura yake kwa madini ya chuma yasiyo na sumu. Huvumilia jua na huficha vumbi. Udhaifu wake ni giza ikikolezwa, na dawa yake ni nyeupe. Lakini jihadhari na jambo moja: jina "rangi ya udongo" kwenye kadi si hakikisho. Kiwanda kinaweza kupata sura hiyo kwa kuchanganya manjano na nyekundu nyingine, na rangi ya mafuta inaweza kuwa na risasi ya kukaushia. Sura ya rangi inatupa dokezo tu. Maandishi ya kopo ndiyo ushahidi.

Familia zenye uwezo mdogo zina njia nyingine ya zamani iliyo njema: chokaa iliyochanganywa na unga wa udongo wa rangi. Chokaa hukaa vizuri ukutani, huruhusu unyevu kutoka, na ukali wake haupendwi na ukungu. Ila udongo wenyewe usichimbwe karibu na machimbo ya madini, gereji au mahali betri zinapovunjwa. Tukumbuke yaliyotokea Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, ambako vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi yaliyosagwa majumbani liliua mamia ya watoto. Na chokaa mbichi huunguza macho na ngozi. Watoto wakae mbali wakati wa kuichanganya.

6. UKIFIKA DUKANI

Mwuzaji hatakukasirikia ukimuuliza maswali haya:

Kwanza, "Kopo hili limeandikwa kuwa halina risasi?" Soma mwenyewe. Tafuta pia alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi, jina la kiwanda na tarehe ya kutengenezwa.

Pili, "Ni ya maji au ya mafuta?" Kwa kuta za ndani chagua ya maji. Haina harufu kali, brashi huoshwa kwa maji, na kwa kawaida risasi hupatikana zaidi katika rangi za mafuta. Kwa milango, fremu na vitanda ambako mafuta huhitajika, ndipo uwe mkali zaidi juu ya maandishi ya kopo, kwa sababu hivyo ndivyo watoto wanavyong'ata.

Tatu, "Hii inayopimwa kutoka ndoo imetoka wapi?" Rangi inayomiminwa katika kopo lisilo na karatasi, hata kama ni nusu bei, haina wa kuiulizia kesho. Kadhalika usitumie ndani ya nyumba rangi ya magari, ya mashine au ya barabara iliyobaki kazini.

7. UKUTA WA ZAMANI UNA HATARI KULIKO KOPO JIPYA

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Wananunua rangi nzuri, kisha fundi anachukua msasa mkavu na kusugua rangi ya zamani huku watoto wamesimama mlangoni wakishangaa. Kama rangi hiyo ya zamani ina risasi, vumbi la siku moja linaweza kumdhuru mtoto kuliko ukuta wenyewe kwa miaka. Fuata utaratibu huu:

a) Kama rangi ya zamani ni ngumu na haibanduki, isisuguliwe. Oshwe kwa maji na sabuni, ikauke, ipakwe juu yake.

b) Kama inabanduka, watoto na wajawazito waondoke humo mpaka kazi iishe. Toa nguo, magodoro, vyombo na chakula. Tandika karatasi ya nailoni sakafuni.

c) Lowesha ukuta kwa maji, kisha kwangua ukiwa umelowa. Usisugue ukiwa mkavu, wala usiunguze rangi kwa moto, maana moshi wake ni sumu.

d) Fundi afunge pua na mdomo kwa barakoa nzuri ya vumbi, asile wala kuvuta sigara kazini, anawe mikono, na avue nguo za kazi kabla ya kubeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

e) Maganda yakusanywe, yafungwe, yatupwe mbali na bustani, kisima na kuku. Yasichomwe.

f) Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji mara mbili au tatu. Ufagio mkavu hurusha vumbi tu.

Baada ya kupaka, acha dirisha wazi. Mtu asilale humo mpaka harufu iishe, hasa mtoto mchanga, mjamzito na mwenye pumu. Kama rangi ni ya mafuta, moto, sigara na koroboi vikae mbali, kwa kuwa mvuke wake huwaka.

Na kama nyumba yako imepuliziwa dawa ya ukoko ya kuua mbu, usipake rangi wala chokaa juu yake kabla ya kuuliza kituo cha afya. Rangi mpya huifunika dawa hiyo, na kazi yake hupotea.

8. KAMA TAYARI MTOTO AMELAMBA

Usiogope, lakini usipuuze. Zuia kwanza: sogeza kitanda au kabati lifunike mahali hapo, au pabandike karatasi imara. Osha mikono ya watoto kabla ya kula na kabla ya kulala, na oshea vitu vyao vya kuchezea. Futa sakafu na vizingiti vya madirisha kwa maji kila wiki. Wape chakula chenye chuma na kalsiamu, kama dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa, pamoja na matunda kama machungwa na mapera yanayousaidia mwili kupokea chuma. Mtoto aliyeshiba chuma halali huipa risasi nafasi ndogo.

Mtoto akiwa na upungufu wa damu usioisha, tumbo linalouma mara kwa mara, au akirudi nyuma katika maneno aliyokwisha kuyajua, mpeleke kituo cha afya, na mweleze mganga habari ya rangi. Mganga hawezi kuukisia ukuta wa nyumbani kwako. Kipimo cha risasi katika damu hakipo kila mahali, lakini mganga akijua ataweza kukuelekeza hospitali kubwa.

HITIMISHO

Familia yetu ilifikia wapi? Walichagua udongo uliochanganywa na nyeupe nyingi, rangi ya ngano, kwa kuta tatu na nusu ya chini ya ukuta wa nne. Dari ikawa nyeupe ili kurudisha mwanga. Mama naye hakunyimwa manjano yake: nusu ya juu ya ukuta unaotazamana na dirisha ilipakwa manjano ya maji, kutoka kopo lililoandikwa kuwa halina risasi, mahali ambapo mkono wa mdogo haufiki. Kitanda cha zamani cha manjano, ambacho hakuna aliyekumbuka kilipakwa rangi gani wala lini, kilitolewa nje ya chumba.

Bibi alipoulizwa kama ameridhika, aliangalia kwanza mjukuu yuko wapi. Alikuwa chini, karibu na ukuta, ulimi nje.

"Sasa mwacheni," alisema. "Atachoka mwenyewe."

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni wapi rangi inabanduka? Watoto wetu hufika hapo?

2. Vitanda, madawati na vitu vya kuchezea tulivyo navyo vilipakwa rangi gani, na nani anajua?

3. Tukimwajiri fundi, tutakubaliana naye nini kuhusu msasa na vumbi kabla hajaanza kazi?